Siku Seva ya Akiba Iliposhika Zamu

Jumanne, 6 Mei

Wifi Waya,

Salamu utazipata kwa wengine, mimi leo sina. Simu nimeizima makusudi, maana nikisikia sauti yako nitakutukana na baadaye nitajuta. Dereva wa sampuli amekubali kukuletea hii pamoja na chupa za damu. Ukiikuta ina baridi ni kwa sababu ya boksi la barafu. Mwenyewe nawaka moto.

Nimesimamishwa kazi. Mimi, mke wa kaka yako, niliyekaa kwenye kituo hiki cha afya mpaka panya wake wananijua.

Jumatano iliyopita, asubuhi mtandao ulikatika kidogo, kisha ukarudi. Aliletwa mama mmoja mshona nguo, jino limemwoza, shavu limevimba mpaka mdomo haufunguki. Kaletwa na jirani asiyejua hata umri wake. Tabibu akaandika sindano ya penisilini. Mimi kabla ya kuchoma mtu huwa natazama kisanduku pale juu ya faili lake kwenye kompyuta, kile cha mzio, kinachokuwa chekundu kama kuna dawa inayomdhuru. Nilitazama. Kilikuwa cheupe, hakuna hata nukta. Nikachoma.

Wifi, yule mama alianza kuvimba macho mbele yangu, halafu pumzi ikakataa. Nilimwokoa kwa mkono ule ule uliomchoma, na gari likampeleka hospitali kubwa. Yu hai, ila ukimtajia jina langu anageukia ukutani.

Kesho yake kamati ya nidhamu ikaja na kufungua faili lake. Kisanduku kimejaa: ana mzio wa penisilini, hatari. Kimeandikwa mwezi wa tatu, na aliyeandika ni mimi. Eti nilijua na nikapuuza. Na ile sindano niliyoiandika Jumatano haikuwemo kabisa, ikabidi niiandike upya Alhamisi. Sasa wanasema niliichelewesha ili kuficha.

Kumbukumbu nilizoandika mimi zinanishitaki mimi. Wewe unayekaa tumboni mwa hizo mashine, niambie: kompyuta inaweza kuficha kitu asubuhi na kukirudisha kesho yake? Nataka jibu la ndiyo au hapana. Kaka yako nimemuuliza, amesema yuko kwenye kikao, atanipigia. Hajapiga, na hata angepiga angekuta simu imezimwa, lakini angalau ningejua alipiga.

Wifi yako,
Mama Sindano

*

Ijumaa, 9 Mei

Wifi yangu Mama Sindano,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikakaa chini. Pole sana. Pole haitoshi, najua.

Unajua nilikuwa likizo ya uzazi, nimerudi kazini Jumatatu iliyofuata baada ya hiyo Jumatano yako. Nikueleze tu mambo yalivyo. Taarifa za wagonjwa wa vituo vyote ziko hapa makao makuu, kwenye mashine tunayoiita seva kuu. Pembeni yake, kabla sijaenda kujifungua, niliweka nyingine ya akiba. Hiyo ya akiba kazi yake ni kunakili papo hapo kila kinachoandikwa kwenye ile kuu. Kuu ikianguka, ya akiba inashika zamu yenyewe, bila kusubiri mtu, na nyinyi huko mnaendelea na kazi bila kujua lolote. Ulichokiona asubuhi ile kama mtandao kukatika kidogo kilikuwa ni zamu kubadilika.

Jumatano ile seva kuu iliungua kifaa cha umeme. Ya akiba ikashika mpaka jioni, kuu ikatengenezwa, ikarudi kazini. Zamu ilibadilika kama nilivyopanga.

Nipe siku chache niangalie zaidi. Usiseme neno kwa kamati kabla hujanisikia.

Mtoto anakusalimu, ameanza kucheka na watu.

Waya

*

Ijumaa, 9 Mei

Kwa Mkuu wa Kitengo, ambaye pia ni kaka yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia na kupitisha chini ya mlango wako, kwa kuwa kila nikija katibu ananiambia una kikao. Labda karatasi haiambiwi una kikao.

Leo nimefungua seva ya akiba nikatafuta jina langu kati ya wagonjwa. Nimejikuta. Nina mimba ya miezi tisa. Kaka, mtoto mwenyewe amelala kwa mama sasa hivi, umeshambeba na amekukojolea shati, lakini kwenye seva ya akiba hajazaliwa. Kumbukumbu zote zimesimama mwishoni mwa Desemba. Hakuna kilichonakiliwa tangu hapo.

Mwenzangu wa zamu hakutaka kusema, nikambana, akasema: "Bosi alisema wageni wanakuja." Kwa hiyo ni ile skrini yako ya ukumbini, yenye michoro ya rangi na idadi zinazopanda. Inasoma kwenye ya akiba, na unakili ulikuwa unakatiza ripoti zako ndefu mbele ya wageni. Ukasimamisha unakili. Nilikuwa nimeweka ulinzi: ya akiba ikibaki nyuma, isiruhusiwe kushika zamu, na kengele ilie. Kengele ikalia, kama ilivyotakiwa. Ukaizima, na ulinzi ukautoa pamoja nayo. Ila ule ubadilishaji wa zamu wenyewe ukauacha umewashwa. Asiyekuwepo na lake halipo, sawa, lakini hata kunipigia simu nikiwa wodini? Ningekwambia kwa maneno mawili tu, uzime na ubadilishaji pia. Seva ikianguka, watu wangesema mtandao hakuna, wangefungua mafaili ya karatasi, na yule mama angekuwa anashona leo.

Badala yake vituo vyote vilifanya kazi kutwa nzima kwa taarifa za Desemba, na hakuna aliyejua, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinawaka vizuri.

Na mkeo amesimamishwa kazi. Aliona cheupe kwa sababu kilikuwa cheupe. Sindano yake ilipotea kwa sababu aliiandika kwenye ya akiba, na jioni kuu iliporudi haikuijua. Hilo unalijua kuliko mimi. Leo nimemwandikia nusu ya ukweli kwa ajili yako, na mkono wangu umeona aibu. Nenda kwa kamati ukaseme. Usiponijibu nitakuja na mtoto ofisini, akulilie.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 12 Mei

Mdogo wangu,

Punguza jazba. Mambo ya kazi hayaendeshwi hivyo, na barua za kupitisha chini ya mlango ni za watu wanaodaiwa kodi.

Sikusimamisha unakili kwa kupenda. Skrini ilikuwa inaganda katikati ya maelezo, wageni wanatazamana, mimi nimesimama pale na kijiti changu kama mwalimu aliyesahau somo. Nilikusudia siku chache tu. Wageni hawaishi, ukishapokea hawa wanakuja wengine. Ulinzi nilikusudia kuurudisha.

Wageni wengine wanakuja tarehe 26. Baada ya hapo unganisha unavyotaka, sitakuzuia. Kabla ya hapo usiguse.

Kuhusu wifi yako, nimeongea na watu. Akikiri, atapewa onyo, baada ya miezi michache yamesahaulika. Onyo halivunji mfupa. Mimi nikisimama mbele ya kamati, naondoka kabisa, na wewe hukai hapa hata mwezi, watakuuliza kwa nini mfumo uliouweka ulikubali kuchezewa. Nani atamhudumia mama? Nani atasomesha watoto? Nakuomba kama kaka yako, funika kombe mwanaharamu apite.

Kaka yako

*

Jumanne, 13 Mei

Mke wangu mpenzi,

Samahani kwa kimya, kazi zimenibana. Nimesikitika sana kwa yaliyokupata, na kila usiku nakufikiria.

Nimeulizia kwa watu wanaoijua kamati. Wanasema ukibisha watakuchunguza mpaka mwisho na leseni itaingia hatarini. Ukikiri kwamba ulichoka, hukutazama vizuri, watakuonea huruma, wakupe onyo tu. Wewe mwenyewe unajua unavyochoka. Mtu akiwa amechoka anaweza kuona kitu hakipo na kumbe kipo, hilo ni la kawaida, halikupunguzii heshima.

Mfumo umeangaliwa, hauna tatizo. Najua ungependa uwe nalo, lakini hauna.

Kiri, mama, yaishe. Nakupenda.

Mumeo

*

Ijumaa, 16 Mei

Waya,

Siku chache zako zimeisha. Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukanipa somo zuri la seva mbili, nimelisoma mara tatu na bado sijui kama nimejibiwa. Yawezekana nyinyi wa huko makao makuu mmefundishwa hivyo, kumjibu mtu mpaka asahau swali.

Kaka yako ameniandikia. Anasema mfumo hauna tatizo na nikiri nilichoka. Onyo tu, anasema, jepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye ataendelea kupanda lifti na tai yake, mimi nitarudi kituoni niwe yule aliyemchoma mtu huku maandishi yake mwenyewe yanamwambia usichome. Jana mama mmoja niliyemzalisha watoto wawili alinikuta sokoni, akamvuta mtoto upande wa pili.

Nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika. Na sasa kuna jambo baya zaidi, nakwambia wewe peke yako. Nimeanza kujiuliza kama kweli nilikiona kile kisanduku kikiwa cheupe. Nikifumba macho nakiona cheupe. Nikisoma barua ya mume wangu nakiona chekundu. Mtu wangu ananiambia sikutazama, naye hana sababu ya kunidanganya.

Kikao ni Jumatano, saa nne, huko huko kwenu. Nitakiri. Nina watoto, na leseni ndiyo kitu pekee nilichokipata kwa jasho langu bila msaada wa mtu. Bora ibaki na doa kuliko iondoke.

Usijisumbue kunijibu kwa mafundisho.

Mama Sindano

*

Jumatatu, 19 Mei

Wifi,

Usikiri.

Jibu lako ni ndiyo. Kisanduku kilikuwa cheupe. Ulitazama, na ulichokiona ndicho kilichokuwepo. Usikubali mtu yeyote akuambie macho yako yalichoka, hata kama mtu huyo analala nawe kitanda kimoja.

Seva ya akiba ilikuwa haijanakili chochote tangu Desemba. Mzio uliuandika mwezi wa tatu, kwa hiyo huko haukuwahi kufika. Ilisimamishwa wakati mimi niko wodini nabana meno, na aliyeisimamisha ni kaka yangu, ili skrini yake ya wageni isigande. Alijua kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Alijua alipokuandikia kiri.

Nilijua na mimi tangu tarehe tisa. Nilidhani nikimsukuma atasema mwenyewe, nikajiambia damu nzito kuliko maji. Barua yako ya Ijumaa imenikatisha tamaa na damu. Kukuibia kazi ni dhambi moja. Kukuibia macho yako mwenyewe, hiyo sikuitegemea kwa mtu niliyenyonya naye ziwa moja. Nitukane Jumatano, nitakaa nisikilize. Leo nisikilize wewe.

Kamati haitatuamini kwa maneno. Wewe ni mtuhumiwa, mimi ni wifi yako, na yeye ana cheo na tai. Basi nitafanya hivi. Nitaomba faili la yule mama lifunguliwe ukutani, kila mtu alione na mzio wake mwekundu. Kisha nitamwomba mwenyekiti aamuru seva kuu izimwe. Kama ya akiba iko sawa kama bosi anavyosema, hakuna atakayeona tofauti hata kidogo, zamu itabadilika na chekundu kitabaki chekundu. Ndiyo sababu ya kuwa na seva ya akiba. Mwenye mfumo mzima haogopi kuuzima.

Atabaki na neno moja la kuchagua. Akisema zimeni, wataona kwa macho yao. Akisema msizime, wamuulize kwa nini.

Unga wangu utamwagika, najua. Umwagike. Vaa sare yako nyeupe, ipige pasi, na uje mapema.

Waya

*

Alhamisi, 29 Mei

Mke wangu,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Umeshasikia kwamba nimevuliwa ukuu wa kitengo. Mdogo wangu hawajamgusa, wamemwambia aiunganishe ile seva upya, na wageni walipokuja Jumatatu skrini ilikuwa imezimwa. Nimefurahi kwamba umerudishwa kazini na kamati imekuomba radhi kwa maandishi.

Lakini naomba unitendee haki katika jambo moja. Ulikuwepo kikaoni. Mwenyekiti aliponigeukia na kuuliza tuzime au tusizime, njia ilikuwa wazi mbele yangu. Ningesema ni saa za kazi, haiwezekani kuzima mfumo wa vituo vyote kwa ajili ya maonyesho. Wangenielewa wote, hata yule daktari mkali wa kamati. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo. Badala yake nikasema msizime, kuna wauguzi wako kwenye kompyuta sasa hivi, wataonyeshwa taarifa za Desemba na watachoma watu. Nilisema mwenyewe. Hakuna aliyenishika koo.

Nilijimaliza kwa mdomo wangu kwa ajili ya watu nisiowajua hata sura. Nadhani mtu mbaya hafanyi hivyo. Nilikosea kwa skrini, nilikosea kukuandikia vile, lakini mwisho nilisema kweli, na nataka unikumbuke kwa hilo.

Naomba nije Jumamosi. Tukae, tuongee kama mtu na mkewe.

Mumeo

*

Jumanne, 3 Juni

Mume wangu,

Nimepokea. Jana nimevaa sare kazini kwa mara ya kwanza tangu nirudishwe. Wenzangu walinikumbatia, tabibu akaniletea chai, na yule mama mshona nguo akaja kusafishwa jino. Aliponiona akaomba muuguzi mwingine. Nilimwelewa. Nilimwandikia mzio wake kwenye kadi ya karatasi, kwa kalamu nyekundu, nikampa mwenzangu ampelekee. Radhi ya kamati napanga kuitundika msalani, ndiko ninakosoma kwa utulivu.

Mdogo wako nimemtukana kama alivyoomba. Alikaa akasikiliza, kisha tukalia, kisha akanionyesha picha za mtoto. Amenikosea siku kumi. Nimezihesabu, na nimezimaliza kuzikasirikia.

Sasa wewe. Unataka haki, basi haki yako hii hapa. Ni kweli ulisema mwenyewe. Nilikuwa viti viwili kutoka kwako, nikauona mkono wako ukiushika ukingo wa meza kabla hujasema. Uliwafikiria wauguzi wa vituo vyote, kila mmoja na kompyuta yake na sindano yake, usiowajua majina wala sura, ukaona jinsi watakavyotazama, wakute cheupe, waamini, wachome. Uliyaona yote hayo kwa nukta moja. Watu wa kamati waliguswa, yule daktari mkali alivua miwani.

Kwa hiyo ulikuwa unajua inavyokuwa. Ulikuwa unajua vizuri sana anachokiona muuguzi aliyesimama pale. Ulikuwa na huruma naye ya kukutosha kuacha cheo.

Wiki moja kabla ya hapo muuguzi mmoja alikuwa anakuuliza kama amerukwa na akili, na yeye ulikuwa unamjua sura. Ulimjibu kwamba amechoka.

Jumamosi usije. Nina zamu.

Muuguzi wa zamu